PESA YA NYUMBA, SEHEMU YA 6: Bei ya gari, na vile vinavyokuja nyuma yake

Sehemu iliyopita tulimaliza akiba ya kujifungua. Tangu hapo nimeandikiwa pembeni swali moja kwa maneno tofauti tofauti: "Nesi, tuna vihela, tunataka gari kabla mtoto hajafika. Tufanyeje tusipigwe?" Leo naandika kwa urefu, kwa hiyo chai iwe karibu.

Sisi wa Gare tunajua swali hili linatoka wapi. Lami inapanda kutoka Mombo, inapita Soni, inafika Lushoto mjini. Ukiiacha kuja huku kwetu ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Mwenye mimba ya miezi minane akiangalia mvua ya Aprili inavyopiga barabara, akaiwaza bodaboda saa nane ya usiku, lazima aseme "tununue gari, iwe iwavyo." Namwelewa kabisa. Ila hayo maneno mawili, "iwe iwavyo", ndiyo muuzaji anayoyasubiri.

Kwa hiyo kabla ya gari, tutoe hofu mezani. Hifadhi 115 kwenye simu yako, ya mwenzio na ya jirani. Ni namba ya bure ya m-mama, kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Ukipiga, kituo kinatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo kwa simu. Usije ukamwambia dereva "sina nauli" ukabaki nyumbani na damu inatoka. Na mwenye mimba yenye hatari ambaye tumemshauri kliniki asogee karibu na hospitali mapema, asogee. Gari la nyumbani ni zuri, lakini halichukui nafasi ya hayo.

Nayasema haya mwanzo kwa sababu yanagusa bei. Mwenye njia nyingine hununua taratibu. Mwenye tarehe ya kujifungua kichwani hununua kwa bei ya yule anayemuuzia. Muuzaji asiijue tarehe yako.

TULIVYOFANYA SISI

Mwaka juzi mimi na baba watoto tulishuka Dar kutafuta IST. Hela ilitokana na viazi na karoti za misimu miwili, mgao wa VICOBA na mshahara wangu. Kabla ya kupanda basi tuliandika kwenye daftari namba moja tu: jumla ambayo hatutaizidi, mpaka funguo iwe mkononi. Jumla, siyo bei ya gari.

Yadi ya kwanza kulikuwa na moja safi, kibao kimeandikwa 14,800,000, kodi zote zimelipwa. Kijana wa pale aliongea na baba watoto tu. "Kaka, injini ni ya Japani mbichi. Kaka, hii jioni haipo hapa." Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni, ndiye aliyemfanya anigeukie: "Mama, kweli na katoto haka mpande basi tena hadi Tanga huko?"

Yaani mtoto wangu amegeuzwa kuwa sababu ya kuharakisha. Nikamwambia, "Mwanangu, basi tumelizoea. Wewe niandikie kwenye karatasi kila kitu tutakacholipa hadi tutoke getini."

Kwetu manesi kuna neno tunafundishwa tangu chuo: kisichoandikwa hakijafanyika. Dawa uliyompa mgonjwa bila kuiandika, ni kama hukumpa. Kwenye biashara ni hivyo hivyo. Bei ya mdomoni ina miguu, inatembea.

Akaandika, uso umekunjamana kidogo. Gari 14,800,000. Kuandikisha 400,000. Kutoa bandarini 250,000. Ukaguzi 100,000. Bima 150,000. Ada ya ofisi 350,000. Jumla 16,050,000. Nyongeza pekee ni 1,250,000, na hakuna hata moja iliyokuwa kwenye kibao.

Watu wengi hapa huanza kulia na ile 14,800,000: "Punguza, kaka, punguza." Anakupunguzia laki mbili, mnapeana mikono, halafu nyongeza zote zinabaki. Mmefurahi, na yeye kafurahi zaidi. Sisi tulienda mstari kwa mstari, na kila mstari tuliuuliza maswali mawili: hela hii anapokea nani, na risiti yake ni ya nani?

Kuandikisha: "Kibao kinasema kodi zote zimelipwa, na usajili TRA wanaukokotoa pamoja na kodi. Hii ya hapa ni ya nini?" Akaguna, akaufuta. Kutoa bandarini: gari liko mbele yetu, limeshatoka, gharama yake imo kwenye bei. Ukafutwa. Ukaguzi: tunaye fundi wetu. Ukafutwa. Bima: ile ndogo ya mtu wa tatu kwa gari binafsi tulishajua ni 118,000 pamoja na VAT, tutakata wenyewe. Ukafutwa.

Ukabaki wa ada ya ofisi. Hapo aligoma kabisa, "huo ni utaratibu wa bosi." Sikubishana naye. Nikamwambia, "Sawa, bosi aheshimiwe. 350,000 ibaki hivyo hivyo. Ila bei ya gari iandike 14,250,000." Akacheka. Hela haina jina, jamani. Ukiiita ada au ukiiita bei, inatoka kwenye pochi hiyo hiyo.

Alikataa siku ile. Tukaaga vizuri, bila kununa, tukamwachia namba ya simu, tukaenda kuangalia yadi nyingine mbili. Kesho yake saa nne asubuhi alipiga mwenyewe. Tulilipa 14,600,000 kwa yadi na 118,000 ya bima: jumla 14,718,000. Ukilinganisha na karatasi ya kwanza, 1,332,000 ilibaki nyumbani. Fundi tulimlipa 60,000 na sijawahi kuijutia.

Malipo yote yalipita benki kwenda akaunti ya biashara, siyo kwa namba ya simu ya kijana, na risiti ya mashine ya EFD tukaidai iandikwe kiasi kile kile tulicholipa. Ukiona mtu anataka kuandika pungufu, jua siku ya ugomvi ushahidi wako utakuwa ndio huo pungufu.

KWA MNAOTAKA KUAGIZA JAPANI

Hapa wengi huona bei ya dola kwenye simu, wakaizidisha kwa shilingi, wakadhani wamemaliza. Bado sana.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Thamani ya forodha ya gari, yaani bei pamoja na nauli ya meli na bima yake hadi bandarini, iwe 6,000,000. Gari la kutembelea, limezidi miaka 10, injini iko kati ya CC 1001 na 2000. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni 1,500,000. Tumefika 7,500,000. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, 375,000, na asilimia 30 kwa uchakavu, 2,250,000. Tumefika 10,125,000. Hapo VAT ya asilimia 18 ni 1,822,500. Jumla ya hizo nne ni 5,947,500. Kodi imekaribia kulingana na gari lenyewe, na bado kuna tozo nyingine ndogo, usajili, gharama za bandari na wakala wa forodha.

Angalieni ule uchakavu. Gari la miaka 8 hadi 10 linatozwa asilimia 15 badala ya 30. Ndiyo maana gari jipya kidogo, ghali zaidi kule Japani, linaweza kukutoa bei ileile likifika. Kokotoeni yote mawili.

Injini isiyozidi CC 1000 haitozwi ile asilimia 5. Kwa mfano wetu, ukiweka na VAT yake, unaokoa 442,500. Inavutia. Lakini fikiria CC 1000 ina watu watano na gunia la viazi, inapanda kona za Mombo kwenda Soni, AC imewashwa. Wa Tanga mjini anunue kwa raha zake. Wewe wa mlimani uliza kwanza wenye nazo huku.

Jambo jingine: TRA wana kikokotoo chao mtandaoni, chenye thamani zao za magari kwa aina, mwaka na CC. Kwa hiyo usidhani ukimbembeleza Mjapani akakupunguzia dola 200, kodi nayo itashuka. Ingia kwenye kikokotoo kabla hujatuma hata senti, na uingie tena kila baada ya bajeti ya Juni, viwango hubadilika.

Wakala wa forodha mwambie atenganishe: kodi, bandari, kampuni ya meli, ujira wake. Vitatu vya mwanzo havijadiliwi, ila unaweza kudai uone karatasi. Kodi ina namba yake ya malipo ya serikali, unailipa mwenyewe benki au kwa simu. Unachojadiliana naye ni ujira wake, na nani atalipa gharama ya gari kulala bandarini iwapo yeye ndiye atakayechelewesha. Hilo liandikwe mapema.

KWA MNAONUNUA MKONONI

Namba D ya mtu mnayemjua inaweza kuwa nafuu kuliko yadi. Hapa bei inashuka kwa ushahidi, siyo kwa kubembeleza.

Kadi ya gari muione kwa macho, halisi, jina lifanane na kitambulisho cha anayeuza, namba ya chesisi na ya injini zifanane na za kwenye gari. Akisema "kadi iko kwa mtu", kuna uwezekano iko kwenye mkopo, na mdai wake atakuja kwako. Ingizeni namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani. Makosa yakirundikana ni hela ya maana, ikatwe kwenye bei. Bima ihakikini kwenye mfumo wa TIRA. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile ya zamani, ilifutwa 2017, kwa hiyo mtu asiwatoze "road licence ya mwaka huu."

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na ndani yake itajwe nani analipa gharama za kubadili umiliki TRA. Msipotaja, mtalipa nyie. Na mbadili kweli. Gari likiendelea kuwa na jina la mwenzio, likigonga mtu au yeye akifariki, mtahangaika.

Fundi awe wenu, siyo wa dalali. Mlimani mwambieni aangalie joto la injini, gia boksi na breki kwanza, maana huku tunashuka sana kama tunavyopanda. Na mimi kama nesi naongeza mawili. Vuteni mikanda ya siti za nyuma, mara nyingi imefukiwa chini ya siti au imekatwa. Washeni switchi muone taa ya airbag inawaka kisha inazima yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaitoa ili isiseme ukweli. Vyote hivyo vina bei, vitajeni mezani. Nimeshapokea watoto waliokuwa wamepakatwa siti ya mbele. Sitaeleza zaidi.

KABLA HAMJAONDOKA NYUMBANI

Kubalianeni jina la nani litakaa kwenye kadi, nani ataongea na nani atasikiliza. Kwetu baba watoto aliangalia gari, mimi nilishika karatasi. Msibishane mbele ya muuzaji, nendeni pembeni. Kina baba, mkeo akiuliza swali la pili na la tatu asionekane anakuaibisha. Kwenye hela hiyo kuna usiku wake mwingi.

Kisha toeni kwenye jumla yenu vitu vitatu ambavyo havigusiki: hela ya kujifungua, bima ya afya ya familia, na chakula cha miezi mitatu. Wekeni na ya matengenezo ya mwanzo: oili, breki, matairi ya kuhimili tope letu. Kinachobaki ndicho cha kununulia gari. Kikiwa hakitoshi, msikope kwa mtu wa riba ya kila wiki ili mtoto apokelewe na gari. Nimewaona waliofika na gari wodini wakaishia kuchangishana ndugu hela ya dawa huku funguo iko mezani. Gari lipo mwakani pia.

Sehemu ya 7 nitaandika kuhusu mkopo: riba ya flati na riba inayopungua, na kwa nini asilimia ileile inakutoa hela tofauti. Mtumie shemeji anayejiandaa kushuka Dar wiki hii, asome kwenye basi.

Usiku mwema, nina zamu.