Mwalimu na Mwanagenzi katika Ngoma ya Bharatanatyam

Kabla ya kuinua mguu, mwanagenzi wa Bharatanatyam huinama, akagusa ardhi kwa vidole, kisha akagusa macho yake. Huiomba ardhi radhi kwa kuwa yu karibu kuikanyaga kwa kishindo. Aghalabu huinamia pia miguu ya mwalimu wake. Mgeni anayetazama huenda akadhani kwamba hiyo ni adabu tu ya kufungulia somo, na kwamba somo lenyewe litafuata. Kumbe somo limekwisha kuanza: mwili unafundishwa kwanza kutii.

Mwalimu huketi chini, mbele yake kibao, mkononi kigongo cha mti. Hugonga huku akitamka silabi zisizo na maana ya kikamusi, tai-ya-tai, na mwanagenzi hukunja magoti yakielekea nje, akawa kama aliyekaa nusu, akapiga nyayo kulingana na mgongo wa kigongo. Hatua ile ile hurudiwa kwa kasi tatu, siku baada ya siku. Hapana maelezo. Swali la "kwa nini" halina nafasi katika miaka ya mwanzo. Jibu lake, kama lipo, hulipata goti kabla ya akili. Siku ya kupanda jukwaani kwa mara ya kwanza, yaani arangetram, kwa kawaida huamuliwa na mwalimu, si na mwanafunzi.

Mtu ataweza kuuliza: je, hakuna kitabu? Kipo. Natyashastra, kinachonasibishwa na Bharata, kinaeleza ishara za mikono, mienendo ya macho na hisia za mchezaji kwa utondoti wa kustaajabisha. Lakini hakuna aliyepata kucheza kwa kukisoma. Mhakiki wa fasihi simulizi atalitambua tatizo hili mara moja, maana naye huhangaika na tungo zilizonakiliwa karatasini zikapoteza sauti. Hapa matini hukaa mwilini mwa mwalimu, na nakala yake ya pekee ni mwili wa mwanafunzi.

Ndiyo maana koo zilikuwa na uzito mkubwa. Balasaraswati, aliyeanza kucheza mbele ya watu huko Kanchipuram mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 7, alifundishwa na Kandappa Pillai, mtu wa ukoo wa wale ndugu wanne wa Thanjavur ambao katika karne ya 19 waliupanga mfuatano wa ngoma unaochezwa hadi leo. Naye Balasaraswati alitoka katika ukoo wa wanawake wanamuziki na wachezaji, jamii ya devadasi, waliotumikia mahekalu na majumba ya wafalme. Ni jamii hiyo hiyo iliyokuja kutajwa kuwa aibu ya taifa. Mwaka 1947 sheria ya Madras ilipiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu kwa mahekalu.

Wakati huo huo ngoma yao ilikuwa inahamia kwingine. Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa tabaka la Brahmin, alijifunza kwa Meenakshi Sundaram Pillai wa Pandanallur, akacheza hadharani mwaka 1935, na mwaka 1936 akaanzisha Kalakshetra. Kazi yake haiwezi kudharauliwa. Hata hivyo, ngoma ilipewa heshima mpya ilhali wanawake walioihifadhi walibaki nje ya mlango. Balasaraswati hakukubali kamwe kwamba mahaba yaliyomo katika ngoma hiyo yalihitaji kusafishwa. Kwake, mahaba hayo ndiyo yaliyokuwa ibada. Katika hilo, yamkini yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Lakini isidhaniwe kwamba nyumba ya mwalimu wa kale ilikuwa pepo. Mahabharata inasimulia habari za Ekalavya, kijana wa watu wa msituni, aliyekataliwa na Drona, akafinyanga sanamu ya mwalimu huyo na kujifunza upinde mbele yake. Alipopata umahiri, Drona alikuja kudai ada: kidole gumba cha mkono wa kulia. Kijana alikikata. Kwa muda mrefu kisa hiki kimesifiwa kuwa kilele cha utiifu, na ni ajabu jinsi wasimulizi wengi wanavyoupita upesi ule mkono unaovuja damu.

Mwaka 2023 wanafunzi wa chuo kimoja cha ngoma mjini Chennai waligoma, wakaketi chini, wakiwatuhumu baadhi ya walimu kuwadhulumu kijinsia. Mhadhiri mmoja alikamatwa mwezi wa Aprili. Wanafunzi hao hawakudai ngoma ibadilishwe, wala kuinama kukomeshwe. Walidai waliotuhumiwa waondolewe, na pawe na kamati ambayo mwanagenzi anaweza kuiendea na kusema.