Ukumbi Wenye Paa Zima



Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. George Lilanga, Mmakonde, aliingia humo akiwa mlinzi. Palikuwa na zana, rangi na wasanii wenzake, basi mlinzi akawa msanii wa humo; mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Baadaye kisukari kikampokonya miguu, naye hakuacha. Wasaidizi katika karakana yake walishika brashi, yeye akiwaongoza. Alifariki mwaka 2005.

Kwetu ni Kibaha, ila likizo hii nimepangiwa utume Kisarawe, kwa Wazaramo wachongaji wa mwana hiti tangu enzi za mababu. Hapa yupo kijana kiziwi, fundi hasa wa vinyago. Kila Kwaresima waamini humpelekea unga, sabuni na nguo. Ni jambo jema. Lakini nani amewahi kumpelekea patasi? Anachongea chini ya mwembe, mvua ikinyesha anafunga kazi, na hakuna fundi anayejua lugha ya alama wa kumwambia mkono huu umezidi urefu.

Darasani Aristotle anatufundisha kwamba uwezo haugeuki tendo wenyewe; lazima kitu kilichokwisha kuwa tendo kiuamshe. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu hicho chaweza kuwa meza.

Ukumbi wa zamani wa katekesi una paa zima. Nimemwomba Baba Paroko ufunguo. Ameniuliza, “Frateri, ukirudi seminarini nani atakaa naye?” Jumapili nitawauliza akina mama wa WAWATA na vijana wa VIWAWA.