Vifaranga wa Mama

Watu wengi hudhani kuwa Kenya, kwa sababu imekatwa na mstari wa Ikweta, haijui baridi. Mwenye dhana hiyo na aje kwetu Theta, kati ya Ruiru na Thika, katika mwezi wa Julai. Nchi yetu imeinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mwezi huo mawingu hufunika jua kutwa nzima, na usiku baridi hupenya chini ya milango. Mtu mzima hujifunika blanketi mbili akalala. Kifaranga wa siku moja hana blanketi, ana vinyoya laini tu, na mwili wake haujaweza kujitunzia joto. Asipopewa joto na mama yake au na mtu, hufa.

Mama yangu amefuga kuku tangu nilipokuwa mtoto mdogo. Kila alipopata vifaranga aliwatia ndani ya duara la makaratasi magumu, akaweka jiko la makaa katikati, naye akalala chumba cha pili huku mlango ukiwa wazi. Usiku aliamka mara mbili au tatu kuyatazama makaa. Nilipohitimu chuo cha ualimu na kupata kazi katika shule iliyo karibu na nyumbani, niliiona desturi hiyo kuwa ni mateso yasiyo na faida. Tena ilikuwa na hatari, kwani makaa yanayoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu na wanyama. Kwa hiyo niliposema kuwa jiko liondolewe nilisema kweli. Kosa langu lilikuwa katika yale yaliyofuata.

Mwaka huo mama alipata zamu yake katika chama cha akina mama, akanunua vifaranga mia wa kuku wa nyama. Kuku hao huwa tayari kuuzwa baada ya majuma sita hivi, na faida yao alikwisha kuipangia kazi: karo ya muhula wa tatu ya mjukuu wake aliyemlea. Mimi nikanunua taa ya kutoa joto pamoja na kidhibiti-joto, chombo ambacho mafundi hukiita themostati.

Chombo chenyewe ni kisanduku kisichozidi kiganja cha mkono. Kina uzi mrefu wenye ncha ya madini, na ncha hiyo ndiyo inayopima joto. Kisanduku hulinganisha joto lililopimwa na joto ulilokiamuru, kisha huwasha taa au huizima. Fundi wa umeme aliunganisha nyaya baada ya kuzima swichi kuu; mimi nikachagua mahali pa kila kitu, nikakipa chombo amri zake. Juma la kwanza nilikiamuru nyuzi 33 za Selsiasi, la pili 30, la tatu 27, na kuendelea kushuka hivyo mpaka 21, maana kifaranga huhitaji joto pungufu kadiri manyoya yake yanavyoota. Kisha nikaweka nafasi ya nyuzi 1 kati ya kuwasha na kuzima: taa izimwe joto lifikapo 33, iwashwe lishukapo hadi 32. Pasipo nafasi hiyo taa ingewaka na kuzimika kila dakika, na swichi ingechakaa upesi.

Kazi ilipokwisha nilijiona mtu mkubwa. Nikamwambia mama, "Usiku wa leo lala hata asubuhi. Chombo kitakesha badala yako."

Mama akakitazama, akauliza, "Baba, chombo hiki kinasikia?"

Huniita Baba kwa kuwa mimi ni mwanawe wa pili, na kwa mila yetu ya Kikuyu mwana wa pili hupewa jina la baba wa mama yake. Nilicheka. Nikamjibu kuwa hakisikii bali kinapima, na kupima ni bora kuliko kusikia.

Saa tisa za usiku alinigonga begani. "Baba, amka. Vifaranga wanalia."

Nilikwenda si kwa kuwatazama vifaranga bali kwa kumwonyesha mama namba. Kweli namba ilikuwa iking'aa ukutani: 33. Lakini chini yake vifaranga walikuwa wamerundikana katika pembe moja, wakipandana juu ya migongo, kila mmoja akitafuta joto la mwenzake. Mama alipiga magoti, akatia mikono miwili katika rundo lile, akawatoa mmoja mmoja. Wa juu walikuwa hai. Wa chini walikuwa wamekwisha kukosa pumzi. Tuliwahesabu, wakawa kumi na tisa.

Chombo hakikusema uongo. Mimi ndimi niliyeitundika ncha yake karibu na taa, kwa kufikiri kwamba joto hupimwa panapotoka. Ilikuwa ikipashwa upesi, taa ikazimwa, na maranda ya mbao ambayo vifaranga waliyakanyaga yakabaki baridi. Chombo kilinipa habari za kweli za mahali nilipokiweka, na hapo hapakuwa na kifaranga hata mmoja. Tena nililitupa duara la mama, nikajenga sanduku la pembe nne kwa kupenda unadhifu. Duara halina pembe ya kurundikana. Mama alilijua hilo kabla sijazaliwa.

Hakunilaumu. Aliwatia waliokufa ndani ya gunia, akasema, "Themanini na mmoja wamebaki. Tuwashughulikie hao."

Usiku ule ule tulirudisha duara. Niliishusha ncha mpaka kimo cha mgongo wa kifaranga, nikaiweka pembezoni mwa mwanga wa taa, mbali na joto kali la katikati. Kisha mama akanifundisha kuwasoma vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakiikimbia taa, wakatanua mbawa na kuhema, joto limezidi. Wakikusanyika upande mmoja, kuna upepo unaoingia. Wakitawanyika kila mahali, hawa wanakula na hawa wamelala, wameridhika.

Baadaye nilisoma habari za Warren Johnson, mwalimu wa chuo cha ualimu huko Whitewater, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Siku zile mtumishi wa chuo alilazimika kuingia darasa baada ya darasa ili ajue kama pana joto au baridi, kisha kushuka chini kurekebisha moto, na masomo yalikatizwa kila mara. Johnson alibuni kidhibiti-joto cha umeme cha vyumbani, akapewa hataza yake mwaka 1883. Jambo lililonigusa ni hili: chombo chake cha kwanza hakikurekebisha joto chenyewe. Kilipiga kengele kumwita mtumishi, na mtumishi akafanya lililotakiwa. Usiku ule mimi nilikuwa na kengele mia zilizokuwa zikipigwa chumbani, nami nilizipuuza kwa sababu ya namba iliyo ukutani.

Kuku themanini na mmoja waliuzwa mwishoni mwa Agosti. Fedha haikutosha karo, na upungufu nikautoa katika mshahara wangu. Mama aliipokea bila maneno, nami sikutaka shukrani, maana lilikuwa deni.

Sisemi kwamba turudie jiko la makaa. Kidhibiti-joto kingali ukutani, kimekwisha kulea makundi mengi ya vifaranga, na mama haamki tena kuchochea moto. Lakini penye vifaranga wachanga bado hulala mlango ukiwa wazi, na mimi simcheki. Kabla ya kulala huingia, nikaisoma namba. Kisha huinama, nikaweka kiganja juu ya maranda, nikasikiliza.