Mlinzi Aliyeuawa Mdomoni mwa Mjomba

Tulipomaliza kumzika mjomba wangu, mzee mmoja wa ukoo aliniita pembeni, chini ya mwembe, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, wewe umesoma. Niambie ukweli. Ugonjwa huu unatembea katika damu yetu?” Nilifahamu kilichomsumbua. Mjukuu wake alikuwa ameposwa, na upande wa bwana harusi walikwisha kuanza kunong’ona kwamba ukoo wetu una maradhi ya kurithi. Mimi ni mwalimu wa siasa, si tabibu; lakini nilikuwa nimeketi na mjomba mbele ya madaktari katika miezi yake ya mwisho, na jibu nilikuwa nalo.

Mjomba alikuwa karani wa serikali aliyestaafu. Alivuta sigara tangu ujanani, na jioni hakukosa bia zake. Kidonda kilipomtokea ubavuni mwa ulimi, zahanati ilimpa dawa ya kusukutua, kisha viuavijasumu, kisha viuavijasumu vingine. Kila aliponipigia simu nilimtumia fedha za dawa, nikarudi kusahihisha mitihani. Miezi mitano ilipita kabla hajakatwa kipande cha nyama kikapimwe. Alipofika hospitali ya rufaa, tezi za shingo zilikuwa zimekwisha kuvimba. Mimi ninayewafundisha vijana wajibu wa viongozi sikuwahi kusafiri kwenda kuutazama ulimi wa mjomba wangu.

Daktari kijana aliyetupokea huko ndiye aliyenieleza kilichotokea. Ndani ya kila seli, alisema, zimo jeni zinazoamuru seli igawanyike na jeni zinazoizuia. Mojawapo ya zile zinazozuia huitwa TP53. Vinasaba vikijeruhiwa, protini yake huisimamisha seli mpaka jeraha litengenezwe, na lisipotengenezeka huiamuru seli ife. Protini hiyo iligunduliwa mwaka 1979, na kwa takribani miaka kumi wanasayansi waliihesabu miongoni mwa wachochezi wa saratani. Mwaka 1989 ndipo ilipobainika kwamba walikuwa wamemkuta mlinzi penye uhalifu wakamdhania mwizi.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa jeni za uvimbe wa kichwa na shingo kutoka kwa wagonjwa 279. Katika uvimbe mwingi usiotokana na virusi, TP53 ilikuwa imeharibika. Mara nyingi CDKN2A, jeni nyingine ya kuzuia, nayo ilikuwa imepotea, na katika baadhi yao PIK3CA, inayochochea ukuaji, ilikuwa imebadilika ikawa haizimiki.

Basi nilimjibu mzee hivi: yapo maradhi machache ya kurithi yanayoifungulia saratani mlango, lakini ni adimu. Jeni za mjomba hazikuharibika tumboni mwa mama yake. Ziliharibika katika nyama ya ulimi wake mwenyewe, kwa moshi wa miaka arobaini, na pombe ikiuongezea moshi nguvu. Jeraha la ulimi haliingii katika mbegu ya uzazi. Bibi harusi hakurithi kitu. Mzee alivuta pumzi ndefu, akauliza: “Wala hakuna aliyemroga?” Nikamwambia hakuna.

Sikumweleza nusu ya pili, nami nawaeleza ninyi wasomaji wangu. Iko saratani ya koo inayoletwa na virusi vya papiloma, HPV, vilevile vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Humo, kwa kawaida, TP53 haina jeraha. Virusi huleta protini iitwayo E6, nayo huivunjavunja protini ya mlinzi kila inapotengenezwa. Wanasiasa wenzangu watalielewa jambo hili upesi: sheria imebaki nzima kitabuni, lakini kila askari anayetumwa kuitekeleza anauawa njiani. Chanjo dhidi ya virusi hivyo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini koo hata wavulana wanalo, na mjadala wa kuwachanja hao nao hatuna budi kuuanza.

Kuhusu tumbaku, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kuidhibiti mwaka 2007. Hata hivyo, jirani na chuo ninakofundisha naona sigara zikiuzwa mojamoja, kwa bei ambayo mwanafunzi hasiti kuitoa. Tunapomlaumu mvutaji peke yake tunaitetea biashara iliyomfikishia sigara akiwa kijana.

Daktari alitutajia pia dawa inayozuia EGFR, kipokezi kinachoipa seli amri ya kukua. Alipotaja bei yake, mjomba alicheka, kisha akaniomba tuondoke.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, watumishi wa umma mnaopanga bajeti na miongozo, si la gharama kubwa. Mwagizeni kila mhudumu wa zahanati awashe tochi, autazame ulimi, aupapase. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu kipelekwe kupimwa, kisisubiri chupa nyingine ya kusukutua. Nanyi wanafunzi wangu, mzazi akipiga simu kulalamikia kidonda, msitume fedha tu. Nendeni.