Pantalo ya mtoto haikatwi

Leo siwaletei habari za barabara wala bei ya unga. Leo ni habari ya sindano.

Mwaka 2024, shule zikikaribia kufunguliwa hapa Goma, mpwa wangu alikuwa anakaa kwetu. Familia yao ilikimbia Sake mwezi wa pili. Nilimnunulia pantalo ya bluu ya mtumba kwenye soko la Virunga. Kiunoni mkanda ulisaidia, lakini miguu iliburuza chini. Na chini kwetu ni mawe ya volkano: wiki moja tu, pindo limeliwa lote. Fundi aliomba faranga 3 000. Pesa hizo zilikuwa za daftari.

Nikasema, ni kukata na kushona tu, kuna nini? Kwa bahati nilianza na pantalo yangu mwenyewe. Nilijipima peke yangu, bila viatu, huku nimeinama. Nikakata pale pale penye alama, kwa kisu cha jikoni, tena usiku, umeme umekatika. Ndipo nikakumbuka kwamba pindo nalo linataka kitambaa. Nilipomaliza kukunja, vifundo vya miguu vilikuwa nje. Kesho yake mwenzangu wa kazi akaniuliza mbele ya watu: “Ndugu, mto umeuvukia wapi?”

Wiki ile ile nilikwenda kambi ya Bulengo kurekodi habari za watoto wa shule. Mama mmoja wa Masisi, mshonaji ambaye mashine yake ilibaki kijijini, aliangalia miguu yangu kabla ya kuangalia mikrofoni. Akacheka sana.

“Papa, ulikata juu ya nini? Pantalo ya mtoto haikatwi. Mtoto anakomea.”

Akanifundisha hapo hapo, tumekaa juu ya bidoni. Kwanza fua nguo, maana kuna kitambaa kinachorudi kikiingia maji. Mtoto avae viatu vyake vya shule, asimame wima, na mtu mwingine ndiye apime. Mguu mmoja peke yake hautoshi. Pima yote miwili. Weka alama kwa kipande cha sabuni kilichokauka, kitatoka ukifua. Kitambaa kilichozidi kikunje ndani chote, hata kikifika vidole vinne, na ncha yake uikunje tena kidogo isifumuke. Piga pasi ya makaa kabla ya kushona. Halafu uzi wa rangi ile ile, mmoja, usiuongeze mara mbili. Sindano ichukue nyuzi moja au mbili tu za upande wa nje, isionekane.

Nilishona jioni mbili. Mguu wa kushoto ulitoka vizuri kuliko wa kulia, na vidole vyangu vilitobolewa vya kutosha, lakini mtoto aliingia darasani na wenzake, hakuna aliyemcheka.

Februari 2025 kambi zilivunjwa, watu wakatawanyika. Yule mama sikumwona tena. Kama unanisikia, mama, pantalo bado iko. Mwezi uliopita nilifumua ule uzi na kuishusha vidole viwili. Pale pindo la zamani lilipokuwa kuna mstari wa bluu kali, kwa sababu kwingine kote rangi imepauka. Mpwa wangu analalamika kwamba unaonekana. Nimemwambia vimebaki vidole viwili vingine.