Coventry, Mji Ulioilea Triumph

Treni kutoka kituo cha Euston, London, hufika Coventry kwa takriban saa moja. Wasafiri wengi hupitiliza hadi Birmingham. Mpenzi wa pikipiki ateremke hapa, maana hapa ndipo pikipiki za Triumph zilipozaliwa na kukulia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Coventry tayari ulikuwa mji wa mafundi wa saa, cherehani na baiskeli alipofika Siegfried Bettmann, Myahudi mzaliwa wa Nuremberg, Ujerumani. Baiskeli alizokuwa akiuza alizipa jina la Triumph, na mwaka 1889, yeye na mwenzake Mauritz Schulte wakafungua karakana Much Park Street. Mwaka 1902 wakatoa pikipiki yao ya kwanza kwa injini ya Minerva kutoka Ubelgiji. Kufikia 1905 injini ilikuwa yao wenyewe.

Mji ukamlipa heshima. Mwaka 1913 Bettmann akawa meya. Mwaka uliofuata vita vikazuka, na umeya ukamtoka kwa sababu ya alikozaliwa. Ajabu ni kwamba jeshi la Uingereza hiyohiyo liliendelea kumtegemea: pikipiki 30,000 hivi za Model H zilitoka kiwandani kwake kwenda kubeba barua na amri za vita.

Ukitaka kuuelewa mji huu, simama Priory Street. Upande mmoja ni chuo kikuu, upande wa pili ni kanisa kuu la St Michael lililoteketezwa na mabomu ya Ujerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Kiwanda cha Triumph, kilichokuwa mtaa huohuo, kiliangamia usiku uleule. Wenyeji hawakuyafagia magofu ya kanisa. Kuta zimebaki bila paa, mnara ungali mzima, na ubavuni limejengwa kanisa jipya lililowekwa wakfu mwaka 1962. Ni miji michache inayoonyesha jeraha lake na uponaji wake mahali pamoja namna hii.

Kutoka hapo, tembea kidogo tu hadi makumbusho ya usafiri, zilipo baiskeli, pikipiki na magari yaliyotoka mikononi mwa mafundi wa mji huu. Mwenye nafasi aendelee hadi Meriden, kilipohamia kiwanda mwaka 1942 na kufungwa 1983, kisha Hinckley, makao ya Triumph ya leo, penye jumba la maonyesho kwa wageni.

Hata sisi wa Afrika Mashariki tuna uzi unaotufikisha huko. Tangu 2023, baadhi ya Triumph huundwa India na Bajaj, haohao wenye Boxer na bajaji zilizojaa barabarani kwetu.

Kwa hiyo, ukijaliwa kufika Uingereza, usiishie London. Itengee Coventry siku nzima, na uanzie Priory Street.