Nanga Moja katika Nyimbo Milioni Mia

Shangazi yangu amepita umri wa miaka themanini. Macho yake yamekwisha kuchoka, lakini masikio yake yangali na ukali unaotutia hofu sisi wana wa kaka zake. Likizo ya mwaka juzi nilikwenda kumjulia hali kijijini kwetu Ndama, si mbali na Kayanga katika Wilaya ya Karagwe, na jioni moja akanisikia nimekaa barazani nikicheza muziki katika simu. Aliuliza muziki ule unatoka stesheni gani, maana hakusikia mtangazaji wala matangazo ya vifo. Nikamweleza, kwa fahari ya mtu aliyesoma, kwamba ile si redio bali ni programu ya muziki: kwa ada ya mwezi naweza kuuita wimbo wowote, wa nchi yoyote, saa yoyote, na kampuni kubwa za kazi hiyo hujisifu kuwa na nyimbo zaidi ya milioni 100. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi, baba, kama zote zimo humo, nitafutie ule wa baba yangu."

Baba yake ndiye babu yangu, na babu alikuwa mpiga nanga. Kwa ajili ya msomaji wa pwani, ambaye nanga kwake ni chuma cha kuzuilia chombo baharini, nieleze kwamba nanga ya kwetu ni ala ya nyuzi. Ni ubao uliochongwa ukatiwa uvungu mfano wa sinia refu, na juu yake uzi umepitishwa huku na huko katika meno ya kingo zake mpaka ukafanya nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi akaimba habari za watawala, mashujaa na mizimu, na walioketi naye humwitikia. Si ala ya jana. Speke na Grant, waliopokewa na Rumanyika mtawala wa Karagwe mwaka 1861, waliisikia wakaiandika habari zake. Na mwaka 1986 Profesa M. M. Mulokozi aliiwasilisha tasnifu yake juu ya tendi za nanga za Wahaya, jirani zetu, ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi hawana budi kuijua.

Niliandika jina la babu katika nafasi ya kutafutia. Ikaja kwaya ya mbali ambayo mwalimu wake ana jina kama lile. Nikaandika "nanga". Zikaja nyimbo za dini kumi na kitu, zote zikisifu nanga ya roho katika tufani za dunia. Nyimbo njema, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na nyuzi saba. Nikaandika "Kinyambo", nikapata nyimbo chache za vijana zenye ngoma ya mashine. Mwishowe, kwa kuona haya, nilimtafutia Saida Karoli, yule binti wa Kagera aliyeitikisa nchi nzima kwa Kihaya katika mwaka 2001 kwa wimbo wake wa Maria Salome. Shangazi alifurahi akapiga makofi. Wimbo ulipokwisha, programu haikungoja amri, iliendelea yenyewe. Ikaleta "Salome" ya Diamond Platnumz ya mwaka 2016, iliyojengwa juu ya ule wa Saida. Ikavuka mpaka kwenda Kampala. Na kabla chai haijapoa tulikuwa Lagos.

"Ni nani huyu anayechagua?" akauliza shangazi.

Nilimjibu kwamba hakuna mtu. Ni hesabu: waliousikiliza wimbo huu aghalabu waliusikiliza na ule, basi nasi tunapewa ule. "Kumbe," akasema, "anatupa wanavyovipenda wengine." Nimesoma makala kadhaa za wataalamu juu ya jambo hili, na sikumbuki kama ipo iliyolieleza kwa maneno machache kuliko hayo.

Nisionekane mtu wa kulaumu kila kipya. Programu hizi zimetutendea wema mkubwa, na mwalimu anayeukana wema huo si mkweli. Nilipokuwa mwanafunzi, kuisikia sauti ya Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri, kulitaka barua yenye muhuri na huruma ya mtunza maktaba. Leo nikimtaja darasani, kijana wa kiti cha nyuma humpata kabla sijaimaliza sentensi. Tena ziko programu za aina nyingi, na si zote za mbali: Mdundo ilizaliwa Nairobi, Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015 na kuenea ikiwa ndani ya simu za Tecno, Spotify, ya Sweden, ilifunguliwa kwetu mwaka 2021. Binti wa jirani yetu pale Ndama alirekodi wimbo wake mjini Kayanga, akaupakia, na juma lile lile alionyeshwa kwamba umesikilizwa Muscat. Hakuomba ruhusa kwa mkubwa yeyote.

Zamani ruhusa ilikuwa lazima. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na mlango mmoja na bawabu wake, na nyimbo zilizopita mlango ule zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za Kiswahili. Sababu ilikuwa kujenga taifa, nami niliyelishwa na kuvikwa na Kiswahili sina ulimi wa kuilaani. Lakini nasema lililo kweli: babu yangu hakuachwa nje kwanza na simu. Alikwisha kuachwa nje na redio.

Tofauti ni hii, kwamba redio haikudai kuwa na vyote. Programu inadai, na vijana wanasadiki. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha juu ya wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, akautia mwaka ambao ulikuwa zaidi ya miaka thelathini baada ya mwimbaji huyo kufariki. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Januari 1979. Nilipomwita mwanafunzi, hakubishana. Alitoa simu akanionyesha. "Imeandikwa, Mwalimu." Na kweli ilikuwa imeandikwa. Mwaka ule ulikuwa wa kuutia wimbo mtandaoni, si wa kuuimba, lakini hakuna alama iliyomwonya kijana wa watu. Wapiga gitaa na tarumbeta waliokuwa pamoja na marehemu hawakutajwa hata mmoja. Nilimpunguzia maksi mbili, kisha usiku nikawa na wasiwasi, maana nilikumbuka kwamba mihadhara yangu mwenyewe ina tarehe mbili tatu ambazo sikuzitoa mahali pengine.

Habari ya fedha inastahili maneno machache. Ada ninayolipa haimfuati mwimbaji niliyemsikiliza. Hutiwa katika chungu kimoja, na chungu hugawanywa kwa kadiri nyimbo zote zilivyosikilizwa na watu wote. Tangu mwaka 2024 Spotify imeweka sharti kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi kumi na miwili hauhesabiwi mgawo. Mtu wa mji mkubwa ataona idadi hiyo ni ndogo. Mimi nawahesabu wazee wa kwetu wanaoifahamu nanga na ambao bado wako hai, kisha nawahesabu kati yao wenye simu za kuchezea muziki, na vidole vya mkono vinanitosha.

Aliyeleta faraja alikuwa kaka yangu. Alikumbuka kwamba mwaka 1984, katika harusi ya jamaa, marehemu baba alimrekodi babu kwa redio kaseti. Tuliipata ile kaseti ndani ya sanduku la bati, chini ya stakabadhi za kahawa, utepe wake umegandamana. Fundi mmoja mjini Bukoba alihangaika nayo siku nne, na dakika kumi na tisa zikapona. Alitaka kuzisafisha zaidi: kulikuwa na watu wakicheka, mtoto akilia, na katikati ya utendi ng'ombe analia kwa sauti ndefu. Mashine yake, alisema, yaweza kuyafuta yote ikabaki nanga peke yake. Nilimwomba aache kama yalivyo.

Mpwa wangu, aliye chuoni, akasema bila kusita, "Mjomba, tuipakie." Nilikubali, na usiku ule nikaifungua fomu. Iliniuliza jina la msanii, jina la wimbo, aina ya muziki. Katika orodha ya aina sikuona ilipo nanga. Nilishawishika kuandika "ya kiasili", neno ambalo darasani nawakataza wanafunzi kulitumia bila kulieleza. Ikaniuliza lugha. Nikaishuka orodha ile pole pole kama mtu atafutaye jina lake katika matokeo ya mtihani. Kinyambo hakikuwamo. Mpwa wangu alishauri tuchague Kiswahili, apate kupita. Babu hakuimba neno hata moja la Kiswahili usiku ule, na mimi, daktari wa Kiswahili, ndimi niliyetakiwa kushuhudia kwamba aliimba.

Nilikwenda kumwuliza shangazi, kwa kuwa ndiye mwenye wimbo. Nilimweleza faida yake: kwamba hautapotea tena sandukuni, kwamba wajukuu walioko mbali watausikia. Hakukataa. Alitaka tu kujua jambo moja. "Huko mtakakompeleka," akasema, "nani atamwitikia?"

Sikuwa na jibu. Niliutia wimbo katika kadi ndogo ya kumbukumbu, nikaipachika katika redio yake ya betri, isiyohitaji bando wala mtandao wa pale migombani unaotoweka mvua ikinyesha. Shangazi aliketi ameinamisha kichwa. Babu alipotaja majina ya waliohudhuria, yeye aliwaitikia mmoja mmoja, kwa kuwa wote ni wafu isipokuwa yeye. Na ng'ombe alipolia, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akatuambia ng'ombe yule alikuwa wa mahari ya nani, na kwa nini usiku ule alikuwa amefungwa karibu na nyumba.

Fomu ingali wazi katika simu yangu. Mpwa wangu hunikumbusha kila Jumapili. Mahali pa mwaka nimekwisha andika 1984.